Vigingi Vyekundu vya Uwanja wa Mpira

Gari la matangazo lilipita Kijiwe cha Matimba, nje kidogo ya Katoro, likiwa limebeba spika kubwa kuliko injini yake. Likatangaza mkutano wa kijiji jioni hiyo, ajenda moja tu: madarasa mapya yajengwe uwanja wa mpira au yapelekwe kilimani. Kisha mtangazaji akashusha sauti kama anayetangaza msiba, akasema mjiolojia wa wilaya ameshapigilia vigingi vyekundu uwanja mzima, na hataki pajengwe hata banda la kuku. Gari likakata kona, likaacha vumbi kwenye vikombe na ugomvi kwenye benchi.

Kalisti alifunika kikombe chake kwa kiganja. Alijua kahawa ya leo hataimaliza. Yeye ndiye mwenyekiti wa kamati ya ujenzi. Mkono wake ukienda juu kwenye mkutano, kamati inanyoosha na kijiji kinafuata. Na si kamati tu iliyomkosesha raha. Kitindamimba wake, Agatha, yuko darasa la pili, na darasa la pili ndilo litakalohamia kwanza kwenye jengo jipya. Popote atakapopachagua baba, ndipo mtoto atakaposomea.

"Mmesikia?" Masalu alianza. Kijiweni wanamwita Rada, kwa sababu anadai ananusa dhahabu hata ikiwa imelala mita thelathini chini, ingawa kwa miaka yote aliyochimba amenusa zaidi vumbi. "Mtu katoka wilayani, katandaza nyaya, kaweka betri, kashinda pale uwanjani kutwa nzima, halafu anawaambia msijenge. Hamjiulizi?"

"Tujiulize nini?" Kalisti akasema.

"Kaiona!"

"Kaona nini?"

"Dhahabu, bwana! Wewe umezaliwa Geita au umeshushwa na basi? Toka lini mjiolojia akapigilia kigingi mahali pasipo na mzigo?"

Paschal akaweka kikombe chini taratibu. Huyu wanamwita Wakili. Aliwahi kuitwa shahidi kwenye kesi ya mbuzi, na tangu siku ile hajarudi tena kuwa raia wa kawaida. "Kisheria, Rada ana hoja," alisema. "Kigingi ni ushahidi wa kimazingira."

"Amesema pale chini kuna maduara ya zamani," Kalisti akajibu. "Mashimo ya ile rashi ya kwanza, watu walipokimbilia dhahabu. Waliochimba walipanga magogo juu, wakafukia na kifusi, wakahama. Sasa magogo yameoza. Ukipandisha tofali pale, siku moja..."

"Maneno ya kufukuzia watu hayo!" Rada akamkatiza.

"Na kipa wetu je?" Mama Asteria, mwenye jiko la kahawa, akadakia huku akipepea mkaa. "Si alizama mpaka kiunoni siku ya fainali?"

"Yule alizamishwa na mganga wa timu ya Bukombe," Rada alisema bila kupepesa macho.

"Mganga gani anazamisha kipa halafu timu yake inafungwa mbili bila?"

"Tena kona ya mwisho aliidaka humo humo shimoni," mtu akaongeza kutoka nyuma, na benchi zima likacheka isipokuwa Rada.

Wakili akainua kidole. "Tuache ushirikina, tuje kwenye maendeleo. Uwanja umenyooka. Gari la mgeni rasmi linafika mpaka kwenye utepe. Kule kilimani atapanda na suti? Na asipopanda, nani atakata utepe? Jengo ambalo halijakatiwa utepe, kisheria halipo."

"Kwa hiyo watoto wakae juu ya shimo ili mgeni rasmi asichafue viatu?" Kalisti akauliza.

"Nimesema kisheria. Sijasema kibinadamu."

Kalisti alikasirika, na alikasirika zaidi kwa sababu nusu ya hasira ilikuwa juu yake mwenyewe. Tangu asubuhi kulikuwa na kitu kinamnong'oneza kwamba huenda yule binti mjiolojia kaiona dhahabu kweli. Ukikulia huku, hata ukichimba kaburi macho yako yanakagua udongo. Je, kama anapeleka shule kilimani ili wajanja wa wilayani waje kumalizana na uwanja? Na kama binti anasema kweli, halafu yeye akanyoosha mkono kwa tamaa? Akamwona akilini Agatha na daftari lake, na sakafu ikizama chini yake. Alitamani asingekuwa mwenyekiti wa kitu chochote.

"Kwa taarifa yenu," Rada akasema, akavuta kutoka chini ya benchi kitu kilichoviringishwa kwenye shuka. Ilikuwa sururu. "Watu wameshagawana vigingi. Cha katikati ni changu. Wakili kachukua cha golini. Kabla mkutano haujafunguliwa, tutakuwa tumeshafika kwenye mwamba."

"Mtafukiwa, nyie!"

"Tutafukiwa tajiri."

Kabla Kalisti hajajibu, bodaboda ikasimama. Akashuka msichana mwenye buti za tope na kofia ngumu mkononi. Alikuwa Noela, mjiolojia mwenyewe. Rada akaitupia shuka sururu yake haraka, mpini ukabaki nje.

"Shikamooni, wazee."

"Marahaba, ng'wanone, mwanangu," Kalisti aliitikia. Wengine waliitikia kwa kukohoa.

Noela akaomba kahawa, akakaa. Rada alivumilia mpaka binti alipopiga funda la kwanza.

"Mwanangu, sisi ni watu wazima. Tuambie tu. Kiasi gani?"

"Kiasi gani cha nini, baba?"

"Cha mzigo uliouona kwenye nyaya zako."

"Nimeona uwazi, baba. Yaani hewa. Waliochimba kabla yenu waliondoka na kila kitu, wakawaachia mashimo."

"Hewa!" Rada akawageukia wenzake. "Eti serikali imtume mtu na betri kutoka wilayani kuja kutafuta hewa! Huku kwetu hewa imepungua?"

Noela akaiangalia sururu, akacheka kwa uchovu. "Haya, wazee wangu. Tuseme mimi ni mwizi. Nimeiona dhahabu na nataka muikose. Nitawaambia msijenge, ili mje kuchimba? Si ningewapigia makofi mjenge haraka! Nani atachimba chini ya darasa? Watoto juu, mlinzi getini, uzio kuzunguka. Dhahabu yangu mngenilindia nyie wenyewe."

Kalisti alihisi kifua chake kimefunguka. Mantiki ilikuwa nyepesi kiasi kwamba hata Agatha angeielewa. Akamtazama Rada kwa furaha, akitegemea kumwona ameelewa, na kweli Rada alikuwa ameelewa. Midomo ilikuwa inamcheza.

"Ngoja kwanza," Rada alisema polepole. "Anayeficha dhahabu anajenga shule juu yake."

"Kama ni mwizi, ndiyo."

"Na wewe umesema shule ijengwe wapi?"

"Kilimani, maana kule kuna jabali la..."

"Gashi!" Rada aliruka na sururu yake. "Kumbe iko kilimani! Wakili, twende!"

"Kisheria tumeshachelewa!" Wakili akajibu, akatoka mbio. Benchi zima likamfuata.

"Kikombe changu, wewe Paschal!" Mama Asteria alipiga kelele, lakini Wakili alishavuka barabara nacho.

Noela akawatazama wakikimbia. "Baba, kule ni mwamba mtupu. Watachimba nini?"

Kalisti hakucheka. "Mwanangu, jioni mimi ndiye nitanyoosha mkono, na binti yangu ndiye atakaa mle ndani. Una uhakika na hicho kilima?"

Noela alizungusha kofia yake mkononi. "Juu nina uhakika. Chini ya ardhi nilitaka kwanza yachimbwe mashimo ya kupimia, nione kama jabali halijapasuka. Wilayani wakaniambia fungu la vibarua halipo, nisaini ripoti hivyo hivyo."

"Ukasaini?"

"Sijasaini, baba. Jengo likianguka, hakuna atakayekumbuka fungu."

Hapo Kalisti alimwamini kabisa. Akageuka kutazama kilima: vumbi lilikuwa limeshapanda njiani, na kila nyumba waliyoipita ilitoa mtu mwingine na sururu.

"Hayo mashimo unayataka wapi?"

"Kwenye kona nne za jengo. Nimeshaweka vigingi vyeupe."

Kalisti akapanda juu ya benchi, akaweka viganja mdomoni.

"Radaaa! Ni kwenye vigingi vyeupe! Vyote vinne! Na mkigonga mwamba msiondoke, huyu binti anakuja kuuangalia!"

Kule njiani Rada akainua sururu juu kumshukuru, akaongeza mbio.