Shujaa Wangu na Vijumba vya Shangazi Barke

Jumatatu, 3 Novemba 2025

Leo nimekuwa mtunzi wa gemu! Hadithi yote ninayo kichwani: shujaa anatoka Mishomoroni kwenda kuua joka huko Kipevu. Kilichobaki ni kuchagua mtindo wa picha tu. Kazi ya jioni moja.

Dada yangu Wardah, mwenye kompyuta, kaniambia shujaa asipotembea kufikia Jumamosi anaichukua, ana masomo yake. Nikacheka.

Jirani yetu Ronny, kijana wa bara, naye anatunga gemu. Shujaa wake ni vijumba vya rangi kwenye skrini, kumi na sita kwa kumi na sita. Mdogo kama dengu! Anatembea, sawa, lakini dengu ni dengu. Wangu atakuwa na vijumba mia mbili kila upande, na ndevu za kuhesabika.

Jumanne, 4 Novemba

Nimechora jicho. Moja. Zuri hilo, mashallah! Limenila saa tano nzima.

Ronny kapita, akauliza kama nimekwisha kuchora mgongo. Mgongo wa nini? Kumbe shujaa sharti achorwe mbele, nyuma, kushoto na kulia, na kila upande apige hatua, picha tatu tatu. Picha kumi na mbili! Nikamwambia nilijua. Sikujua.

Alhamisi, 6 Novemba

Nimejaribu vijumba vichache. Nikapata gunia lenye miguu. Nikaongeza rangi, likawa gunia lililovalia sikukuu. Nilikaribia kulia.

Ndipo nikamwona shangazi Barke barazani, akifuma kitambaa cha kochi kwa krosha. Kijumba wazi, kijumba kilichojaa, kijumba wazi, na ndege huyo katokea kitambaani! Nikampa shikamoo ya heshima kuliko zote za mwaka huu. Nikasema rafiki yangu Kiponda anaoa, nataka zawadi: kitambaa chenye mtu mwenye upanga. Kumwomba msaada waziwazi? Aibu, fundi mzima mimi! Akasema inshallah, kesho.

Ijumaa, 7 Novemba

Wallahi, mtu kamili! Ana mabega. Ana kiburi. Nimemnakili kijumba kwa kijumba na sasa anakwenda! Miguu haisogei, anateleza, lakini anakwenda. Nimecheza peke yangu chumbani.

Tatizo dogo: anatutazama sisi tu, popote aendako. Nikarudi kwa shangazi kuomba kitambaa cha pili, bwana arusi kwa nyuma. Akauliza kama huyo Kiponda keshamkimbia mke hata kabla ya kumwoa. Nikaondoka mikono mitupu.

Jumamosi, 8 Novemba

Onyesho, sebuleni. Shujaa amekwenda Kipevu upande-upande kama kaa, uso kwetu. Alipofika kwa joka akapigana amempa mgongo! Wardah kacheka mpaka kakaa chini. Ronny kasema hiyo ni noma, akaomba kucheza mara nne. Mara nne!

Wardah akauliza nani kachora. Nikasema mimi. Shangazi, mlangoni, akamtambua bwana arusi aliyemfuma. Akauliza arusi ya Kiponda ni lini. Nikasema imeahirishwa.

Kompyuta nimeachiwa wiki moja zaidi, kwa sharti kwamba wahusika wote waliobaki awafume shangazi. Nimekubali kwa adabu zote.

Halafu nimewaza. Shujaa wa kuchekwa ni shujaa gani? Nimemfuta. Wa sasa ana vijumba mia tano kila upande, na wiki nzima ninayo! Nimeshachora ukope mmoja. Mzuri huo, mashallah!