Maombi ya Kurudishiwa Tumbo la Mume Wangu

Bi Ummkulthum Hasan,
Kiponda, Mji Mkongwe,
Unguja.

Kwa Daktari Mudrik, mpasuaji wa matumbo.

Mheshimiwa Daktari,

Assalaam alaykum. Natumai u mzima na mikono yako ina nguvu, kwa sababu nina kazi ya kuipa. Mimi ni mke wa Mahfoudh, yule mgonjwa wa kisukari wa kilo mia na arubaini na sita uliyempasua miezi saba iliyopita. Nakuandikia kwa adabu zote kulalamika, na malalamiko nimeyatia nambari ili usiruke hata moja.

1. Neno lenyewe. Fomu niliyotia saini kama mke iliandikwa "upasuaji wa kupunguza tumbo". Daktari, mimi nimezaliwa mjini hapa, na Kiswahili sikukipata kwa kukisomea. Tumbo la mume wangu nalijua: ni lile lililokuwa likitangulia kuingia mlangoni, yeye akafuata. Nilitia saini kwa furaha, mara mbili. Kumbe nyinyi mlikuwa mnasema la ndani, la kutilia chakula! La nje akarudi nalo nyumbani vilevile, na mmekata robo tatu ya lile ambalo mimi sijapata hata kuliona. Kama kuna lugha yenye maneno mawili kwa matumbo mawili, fomu mngeiandika kwa lugha hiyo.

2. Kikapu. Nyumba yetu ina ghorofa tatu, jiko liko juu kabisa, na ngazi ni za kizamani, nyembamba na wima. Kwa miaka sita Mahfoudh hakuweza kuzipanda. Magoti yalikataa, na pumzi pia. Akahamia chumba cha chini, mimi nikabaki juu, na baina yetu kukawa na kikapu chenye kamba. Nilikuwa nikikiteremsha na wali wa nazi, mchuzi wa pweza na mkate wa kumimina, nacho kikipanda kitupu, sahani imepanguswa kwa kidole. Hivyo ndivyo nilivyojua kwamba bado napendwa. Sasa kinashuka kizito na kinapanda kizito. Anakula vijiko vitatu, basi.

3. "Starehe". Kila mtu Unguja anajua kwamba ukimpitia mtu anakula, naye akakwambia karibu, na wewe umeshiba, unajibu starehe. Ni jibu la mpita njia. Wiki iliyopita niliteremsha biriani, nikachungulia, nikamwambia karibu. Mume wangu wa ndoa, mbele ya chakula chake, ndani ya nyumba yake, akanijibu starehe! Nililia, Daktari, na sioni haya kukwambia.

4. Mcha, anayetuletea hiliki na mdalasini kutoka Kidichi, ameona hatuchukui viungo kama zamani, akaja na uso wa huzuni kutupa pole ya msiba. Ilikuwa tabu kumweleza kwamba marehemu ni tumbo.

5. Sukari. Najua utajitetea kwamba sukari imeshuka na sindano umemsimamishia. Ni kweli, na nakubali kwamba mwaka jana kidole chake cha mguu kilipofanya kidonda kisichopona, niliogopa mpaka nikawa nasahau kutia chumvi. Nilikuwa nikiteremsha kikapu huku nikiomba apatikane wa kukipokea. Lakini silo ninaloandikia, tafadhali usinitoe kwenye mada.

6. Uzuri. Kila asubuhi anakwenda kutembea Amani kwa raba nyeupe. Juzi harusini Bi Saadiya, jirani yetu mpya asiye na mume, aliniuliza kama yule kijana niliyekuja naye ni mdogo wangu, na kama ameoa. Nataka hili ulijibu kwa maandishi.

Kwa hiyo naomba tumbo lirudishwe. Fundi mwaminifu akikata kanzu humrudishia mwenyewe vitambaa vilivyobaki. Liletwe ndani ya deli lenye barafu, kama anavyoletwa samaki, nawe ulishone mahali pake. Ikiwa mmeshalitupa, nitachinja mbuzi, la mbuzi utalitia kiraka. Na ikiwa hata hilo halimo katika elimu yenu, basi nipunguze mimi mikono, kwa sababu bado inapika kwa sufuria la zamani.

Nisalimie wauguzi wote, mlinzi wa getini aliyenipa kiti chake, Bi Bashira wa maabara, na yule aliyenisomea fomu, ingawa salamu zake yeye ziwe fupi.

Ni mimi, mwenye jiko lililopoa,
Ummkulthum.

Tanbihi: Nilikuwa natafuta gundi ya bahasha niliposikia vishindo kwenye ngazi. Nilidhani ni binti yetu Ilham. Alikuwa Mahfoudh, kikapu mkononi, vidato arubaini na moja, anahema kidogo tu! Miaka sita hajaliona jiko langu. Nilikuwa na sahani ya ndizi za nazi, nikasema karibu kwa mazoea, kisha nikaziba masikio. Hakusema starehe. Alisema nshakaribia, akakalia mbuzi (ya kukunia nazi, si yule wa kiraka), ambayo zamani isingemhimili, akala vijiko vyake vitatu taratibu, ubavuni kwangu. Bado yupo, anaisoma barua hii juu ya bega langu na kucheka. Daktari, tumbo mkiliona, msilete. Kamba ya kikapu nimeshaifungua, naanikia nguo.