Mjomba wa Magodoro

Jumatatu, 5 Agosti

Daftari jipya, kurasa 96. Mhamasishaji ninayemsikiliza kwenye simu anasema asiyeandika malengo yake anatumikia malengo ya mwenzake. Basi naandika. Lengo: meneja wa tawi la Mbale. Muda: siku tano. Mpinzani: mmoja.

Kwa faida ya atakayesoma habari zangu siku moja: mimi, Muhamad Kirunda wa Mafubira, nilianza kazi kwa Hajjat Halimah kule Jinja nikibeba magodoro kichwani. Matatu kwa mpigo. Miaka kumi na moja sasa. Hakuna shemeji ofisini, hakuna mjomba aliyenishika mkono. Kichwa hiki hiki ndicho kilichonipandisha, kwanza kwa nje, halafu kwa ndani. Siku niliyokabidhiwa ufunguo wa stoo niliapa: sitabeba godoro tena maishani.

Sasa Hajjat anafungua duka Mbale. Ametutanguliza watu wawili, mimi na Khainza, keshia. Miaka miwili tu kazini! Jumamosi Hajjat mwenyewe anakuja kwenye ufunguzi, na amesema atakayevuta watu ndiye atakayeachiwa tawi. Khainza ni mwenyeji. Leo kati ya duka na choo amesalimiwa na watu kumi na saba. Mimi nimesalimiwa na wawili, na mmoja ni mlinzi aliyedhani mimi ni mteja.

Jumanne, 6 Agosti

Chumba nilichopanga mtaa wa Namakwekwe kina ngoma. Duka lina ngoma. Mji mzima una ngoma. Ni mwaka wa imbalu, vijana wa Kigisu wanaingia jandoni, na kila kijana anazungushwa kwa jamaa zake akiwa na wapiga ngoma za kadodi mbele na umati nyuma. Nililalamika kelele mpaka adhuhuri.

Halafu nikahesabu. Msafara wa kwanza, watu 140. Wa pili, 210. Wa tatu, 185. Wastani: 178, na wote wanapita bure mbele ya mlango wetu! Asilimia tano tu wakinunua, ni magodoro tisa. Jinja, siku njema, tunauza manne.

Tatizo moja. Hawasimami dukani. Wanasimama kwa jamaa tu.

Jumatano, 7 Agosti

Tatizo limekwisha.

Nabalayo anachoma ndizi barazani mwa duka letu. Mwanawe Wepukhulu, miaka kumi na tisa, anaingia jandoni Jumamosi hiihii. Asubuhi alikuwa anamlalamikia Khainza kwamba kaka yake wa pekee yuko Juba na hatawahi, kwa hiyo kijana hana mjomba wa kumtembelea. Khainza akamwambia pole.

Tazama tofauti ya mtu na mtu! Mmoja anasikia huzuni, anasema pole. Mwingine anasikia huzuni hiyohiyo, anasikia watu 178. Nikatoka nje, nikajitolea. Nikamwambia Nabalayo kwamba mimi Msoga na yeye Mgisu sote ni watu wa Mashariki, undugu ni moyo. Alinitazama mpaka ndizi ikaungua.

"Bwana Kirunda, kazi ya mjomba unaijua?"

Nikamjibu kwamba kusimamia shughuli ndiyo kazi yangu. Alicheka mpaka akashika nguzo. Kisha akafuta macho, akasema ni kweli mtoto hapaswi kukabili kisu bila mjomba, na Mungu atanilipa. Tumepatana: Jumamosi, saa nne, mlangoni.

Alhamisi, 8 Agosti

Khainza ameshajua. Hakukasirika. Hiyo ndiyo mbinu yao, hawakasiriki. Alinishauri tu nivae viatu vya kutembelea mbali.

Hujuma! Anataka Hajjat anikute na raba kama mwalimu wa michezo. Nilikwenda sokoni palepale, nikanunua viatu vyeusi, vyenye ncha, vinavyong'aa. Namba 41. Mguu wangu ni 42, lakini 42 hazikuwepo. Tofauti ni moja tu.

Ijumaa, 9 Agosti

Baada ya swala nilimpelekea suti Mzee Taban, fundi cherehani aliye karibu na msikiti. Mnubi, mtoto wa askari, Kiswahili chake kimenyooka kuliko pindo zake. Aliuliza nani anaoa. Nikamweleza mpango wote, na hesabu zake. Akauliza kama nimefikiria msafara utakwenda wapi baada ya kufika mlangoni. Nikamwambia baada ya mlango si idara yangu.

Alinirudishia suti na kuniarifu kwamba ameongeza nafasi kidogo magotini. Sikumwomba. Wazee wana mambo.

Jumamosi, 10 Agosti

Naandika nikiwa Busiu, juu ya gunia la mahindi. Miguu iko ndani ya beseni.

Kwa utaratibu. Saa nne kasorobo Hajjat aliwasili, akasimama mlangoni na mkoba wake, akauliza watu wako wapi. Nikamwomba dakika kumi na tano. Saa nne na dakika mbili, ngoma. Watu 312! Na walisimama! Hajjat alinitazama kwa jicho ambalo sijapata kuliona kwake tangu aniajiri. Kwa dakika nne nilikuwa meneja.

Dakika ya tano Nabalayo alinitangaza: huyu ndiye kaka yangu. Mashangazi sita wakanivamia na unga wa wimbi uliokandwa, wakanipaka kichwa, uso na kola. Mmoja akataka kujua kama mjomba mwenyewe ameshasimama mbele ya kisu. Nikajibu nilitahiriwa Mafubira nikiwa na siku saba. Akasema mtu aliyekatwa kabla ya kujua kukaa hawezi kuhesabiwa kwamba alisimama. Watu 312 walicheka. Hajjat wa 313.

Kisha ngoma zikanyamaza. Wakawa wananingoja. Kumbe mjomba anatoa! Ng'ombe kwa mwenye uwezo, mbuzi kwa wa kawaida, kuku kwa aliyekwama. Nikatazama kushoto, nikatazama kulia. Bidhaa yetu ni ya aina moja.

Wepukhulu alikuwa mbele yangu, mrefu, magoti meupe kwa unga na vumbi, sauti imemkauka kwa kuimba. Macho yake hayakuwa na mzaha hata chembe. Nikausikia mdomo wangu ukisema, chukua, mwanangu. Inchi sita, lenye maua, lile la maonyesho. Mbele ya mwenye mali!

Ngoma zikalipuka. Nikasogea pembeni ili waingie wanunue. Wakaondoka. Wote 312. Kadodi haisimami, kadodi inatembea, na mjomba anatembea nayo, na zawadi ya mjomba haibebwi na mtu mwingine. Niligeuka mara moja tu. Hajjat alikuwa na mkono mdomoni. Khainza alikuwa ananipungia kitambaa.

Godoro likarudi kichwani. Lilikaa palepale pa zamani, kama halijawahi kuondoka.

Tulishika barabara ya Tororo mpaka huku Busiu, nyumbani kwa wazee wa mume wa Nabalayo. Nilihesabu hatua 9,000, nikaacha. Kiatu cha kushoto kilifumuka mbele. Cha kulia kilikataa kufumuka, na hicho ndicho kilichonitesa zaidi. Magotini, lakini, suruali ilikuwa na nafasi.

Alasiri kijana akasimama uani na mikono juu, mimi hatua tatu kutoka kwake, maana mjomba ndipo anapokaa. Wepukhulu hakupepesa jicho mbele ya kisu. Nilipepesa mimi, kwa niaba ya ukoo mzima. Nabalayo alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Kaka," akasema, "Mungu akupandishe."

Kijana amelala juu ya godoro. Ni godoro zuri, kusema kweli.

Jumapili, 11 Agosti

Nilirudi Mbale kwa boda, mkungu wa ndizi mapajani, miguu ndani ya malapa ya kuazima. Dukani nilikuta nafasi wazi ukutani. Nikadhani wameibiwa.

Yameuzwa. Ishirini na tatu! Kila aliyeliona godoro barabarani aliuliza mjomba yule amelitoa wapi. Wajomba wenye mbuzi wakaona haya. Mashangazi wakaanza kudai inchi sita kwa majina ya watoto. Mchana kutwa watu walimiminika, na Khainza akawapokea kwa lugha yao, mmoja mmoja.

Hajjat amempa tawi. Nilipinga. Kwa adabu, lakini nilipinga. Nikauliza watu hao waliletwa na kichwa cha nani.

"Umewaleta wewe, Muhamad," Hajjat akasema. "Walipofika, nani alikuwepo?"

Mimi nimepewa cheo kipya, ofisa wa matangazo. Nilifurahi kwa dakika mbili, mpaka nilipoelezwa vifaa vya kazi. Godoro moja. Kichwa ninacho tayari.

Jumatatu, 12 Agosti

Nimetafakari usiku na mchana. Mhamasishaji anasema anguko ni mwalimu. Nimemsikiliza mwalimu, na nimeona kosa lilipokuwa.

Msafara ulikuwa mmoja.

Msafara mmoja una mbele na una nyuma, kwa hiyo lazima uondoke. Misafara miwili ikikutana uso kwa uso mlangoni, itakwenda wapi? Hata mtoto wa darasa la tano anaiona hesabu hii! Janepher muuza nyanya, ambaye kwao ni kaskazini, upande wa Nakaloke, ana kijana asiye na mjomba. Beverlyne msusi, wa kusini, upande wa Busiu, naye pia ana wake. Wote wanaingia jandoni Jumamosi ya tarehe 24. Tangu leo saa tano asubuhi, vijana hao wana mjomba. Nimewaambia wote wawili saa nne kamili. 312 mara mbili ni 624. Hajjat nimeshamwalika.

Khainza alisikiliza mpango wote, tena kwa makini, kalamu mkononi. Akauliza swali moja tu: baada ya hapo nitakwenda Nakaloke au Busiu?

Wivu.

Jioni nilipita sokoni kwa yule wa viatu. Vyeusi, vyenye ncha. Vimebaki vya namba 41 tu.