Malalamiko ya Mfalme Aliyebakiwa na Jimbo Moja

Sebuleni, kwenye meza ya kompyuta
Jumatano, baada ya chai ya saa kumi

Kwako Mama Mkwe ninayekuheshimu sana,

KUHUSU: KUNYANG'ANYWA MAJIMBO SITA KWA NJIA YA HARUSI

Shikamoo Mama. Natumaini goti linaendelea vizuri. Kwa kweli najua linaendelea vizuri, maana sasa hivi nimekusikia ukienda jikoni bila mkongojo, na hatua zako zilikuwa za mtu aliyeshinda. Huku sebuleni wote hawajambo isipokuwa mimi. Nakuandikia ingawa kati yetu kuna ukuta mmoja tu, kwa sababu haya nitakayoyasema mkwe hawezi kumwambia mama mkwe wake uso kwa uso, kisha akakaa naye mezani na kumwomba chumvi. Umesema Jumamosi utapanda basi urudi kwako. Kabla hujaondoka, nataka haki yangu. Malalamiko yangu ni haya:

1. Ukarimu wangu umetumiwa vibaya. Ulipokuja kwetu baada ya upasuaji ulikuwa umechoka kutazama dari. Ni mimi, kwa roho safi, niliyekufundisha ule mchezo wangu wa kompyuta wa wafalme wa kale, ambao nimeucheza miaka mitatu. Nilikuwa mfalme wa majimbo saba na askari elfu nne. Wewe nilikupa kisiwa chenye ngome moja inayovuja na mtawala mzee mwenye mabinti watatu, nikidhani nimekupa kitu cha kupotezea wakati. Mtu mwingine angeuliza ana askari wangapi. Wewe uliuliza wale mabinti wana umri gani. Nilicheka, Mama. Nakiri kwamba nilicheka.

2. Lile daftari. Mkunga aliyestaafu baada ya miaka thelathini na mmoja kazini hapaswi kuruhusiwa kwenye mchezo wa urithi; ni sawa na kumruhusu refa apige penalti. Katika daftari lako la jalada la buluu umeandika kila mtawala, watoto wake, nani anakohoa, nani ana mimba na ya miezi mingapi. Jirani yangu wa kaskazini, anayechezwa na kompyuta yenyewe, alikuwa na mwana mmoja, naye mgonjwamgonjwa. Ukampa binti yako mkubwa. Nikakuonya kwa upole wa mwalimu kwamba unampoteza mtoto wa watu. Bwana harusi alifariki baada ya miezi mitano ya mchezo, ambayo ni dakika chache tu, mjane akiwa na mimba ya miezi minne, na tarehe ya kujifungua wewe ulikuwa umeshaiandika. Mtoto huyo akawa mtawala wa kaskazini kabla hajaota jino hata moja. Kaskazini haikuwa yangu, lakini nilikuwa naimezea mate.

3. Kile kisanduku. Chini kabisa ya mkataba wa ndoa kuna kisanduku kidogo kinachosema watoto watakuwa wa ukoo wa mama. Miaka mitatu nimekiona, nikadhani ni pambo. Wewe siku ya pili ulivaa miwani ya kusomea, ukakitia tiki. Tangu hapo wanangu wameoa kwa shangwe, karamu nimeandaa mimi, wageni nimewalaza mimi, na kila mjukuu aliyezaliwa chini ya paa langu amezaliwa wa kwako. Majimbo matano yamekwenda hivyo, pamoja na lile lenye kinu cha upepo nilichokijenga kwa mikono yangu mwenyewe, yaani kwa kubofya. Mtu aliyevamiwa walau hupata nafasi ya kukimbia. Mimi nilikuwa nakata keki.

4. Siwezi kukupiga vita, na hili ndilo linaloniuma zaidi. Askari wangu elfu nne wapo, wameshiba, wanakodolea macho mpaka. Kila nikibofya kitufe cha vita, mchezo unaniuliza kama nina hakika. Nikigeuza shingo nakuona kwenye kiti chako, mguu juu ya stuli, ukiniuliza kama nimekula. Nani atakuwa na hakika hapo? Nimebofya "Hapana" mara kumi na moja. Juzi nilijikaza kisabuni nikatuma askari mia mbili mpakani, na wakiwa bado njiani ukaniletea chai. Nikawarudisha makwao mmoja mmoja. Nadhani ni mara ya kwanza jeshi kushindwa na kikombe.

5. Mwanao, yaani mke wangu, amekula njama. Niliamini kwamba aliyekubali kuwa nami katika shida na raha angesimama upande wangu. Badala yake, na ujauzito wake wa miezi saba, anajiweka katikati yetu kwenye kochi na kucheka hadi anashika tumbo, nami naogopa hata kumnunia. Ni yeye aliyekunong'oneza kwamba baba yangu mdogo wa kwenye mchezo, mwenye miaka sitini na mmoja na jimbo zuri la mlimani, hajawahi kuoa. Siri hiyo nilimwambia tukianika nguo! Kufumba na kufumbua, mzee wa watu ana bibi harusi kutoka kisiwani na watoto watatu, wote wana pua ya kwenu. Jimbo la sita likaenda.

6. Madhara yamefika hadi kazini. Kama ujuavyo, mimi ni mpima ardhi. Kazi yangu yote inategemea imani kwamba jiwe la mpaka halihami hadi mkanda uvutwe, majirani wote wawili wawepo, na kila mmoja atie sahihi. Jana nilikuwa na majirani wanaogombania ua wa miti mwaka wa nne sasa. Nikiwa nimechuchumaa kwenye kigingi, nilijisikia nikimuuliza mmoja wao kama ana binti aliyefikia umri wa kuolewa. Dereva wa ofisi alizima injini ili asikie vizuri. Leo asubuhi mkuu wangu ameniita: wale majirani wameondoa shauri lao, na wanauliza kama idara yetu ina mtu wa kusimamia harusi. Nimetakiwa kujieleza kwa maandishi, na hiyo ni barua nyingine ninayopaswa kuwa naiandika sasa hivi badala ya hii.

7. Posa ya leo. Nimebakiwa na jimbo moja na mrithi mmoja, mwanamfalme wa miaka minne ambaye sifa yake kuu, kwa mujibu wa mchezo, ni kula udongo. Hata huyu hukumwonea huruma. Niliporudi kutoka kazini nilimkuta mjumbe wako na posa: kitukuu chako cha kike, miaka mitatu, kisanduku tayari kina tiki. Nimechora mti wa ukoo kwenye karatasi ya ramani, nikatumia rangi nne, bado hautoshi. Inaonekana mimi sasa ni shemeji wa bibi yangu, mjomba wa mama yangu wa kambo, na nikifa unanirithi wewe kwa njia tatu tofauti. Nimeanza kuogopa nikikohoa mbele yako.

Kwa hiyo, kwa heshima zote, naomba majimbo yote sita yarudishwe kama yalivyokuwa, kinu kikiwa kinazunguka. Naomba kile kisanduku kisiguswe tena na mtu yeyote wa ukoo wako. Na kwa kuwa umesema Jumamosi unaondoka, basi uondoke kweli, usiongeze hata siku moja, ili nchi ipate kupumua. Ardhi hupatikana kwa jasho au kwa vita, basi. Kutumia ndoa na mtoto ambaye hajui hili wala lile ili upate unachokitaka ni jambo ambalo mtu mwenye msimamo hawezi kulifanya, na mimi sitalifanya kamwe. Posa yako nimeikataa.

Nisalimie dada yako anayekusubiri nyumbani, majirani zako wote, na wale watoto uliowapokea wakizaliwa ambao sasa wana ndevu. Nisalimie mjane wa kaskazini na mwanawe aliyetawala bila meno. Yule mke wa baba mdogo mwambie sina kinyongo naye, alitumwa. Daktari wa goti msalimie pia, ila kwa ubaridi kidogo, kwani amefanya kazi yake haraka mno.

Ni mimi mkweo mtiifu,
Mfalme wa pale palipobaki

Tanbihi: Mama, Jumatatu ulipokuwa kwa daktari, mwanao alishikwa na maumivu jikoni. Yaliisha baada ya dakika kumi, na kliniki wamesema ni kawaida, lakini amenikataza nisikwambie usije ukaahirisha safari. Katika zile dakika kumi nilizunguka nyumba nzima nikitafuta funguo za gari. Hatuna gari. Naogopa, Mama, naogopa sana, na hofu hupungua tu nikikusikia upande wa pili wa ukuta. Kwa hiyo posa nimeikubali. Mwanamfalme ni wenu, mahari ni jimbo langu la mwisho pamoja na askari wote elfu nne, na tiki nimeihakikisha mwenyewe. Sharti langu ni moja tu: usiende popote hadi mjukuu wako azaliwe, na mikono ya kwanza kumpokea iwe yako.