Mtu wa Mbele katika Asubuhi Njema

Ijumaa, 11 Julai

Kesho safari! Asubuhi Njema Group, albamu mpya, nyimbo zote za furaha. Jina lake *Tumevuna*. Tunaanza Nambis, tunakwenda Masieda, tunashuka Gitting, tunamalizia Katesh. Nimepiga pasi suruali nyeupe. Hilda, mke wangu, kaniuliza mtu wa manyanga anavaa nyeupe ya nini, wakati atasafiri juu ya fuso la vitunguu swaumu. Msanii hajibu maswali ya nguo.

Sasa jambo zito. Baba mkwe, Mzee Margwe, anakuja Katesh kutuona. Tatizo ni dogo tu. Tangu nimuoe binti yake nimemwambia mimi ndiye kiongozi wa kikundi. Kiongozi ni Mama Judica. Anatunga, anaimba, anashika mikrofoni. Anayemfuata ni Gidion wa zeze. Halafu wapiga ngoma. Halafu wachezaji. Halafu spika. Nyuma ya spika, mimi na manyanga, vibuyu vyangu vya kutikisa. Mzee akinikuta pale nimekwisha. Mpaka leo anamsifu yule mwalimu aliyetaka kumuoa Hilda kabla yangu.

Halafu leo mazoezini Mama Judica katangaza kwamba baada ya Katesh ataamua nani anabaki na nani anarudi shambani. Alisema "nani", lakini macho yalikuwa kwangu. Wivu mtupu.

Kwa hiyo mpango ni kusogea mbele. Kidogo kidogo. Kwa akili.

Jumamosi, 12 Julai. Nambis

Jukwaa letu lilikuwa tela la trekta. Wazee wamekaa mbele kwenye mabenchi ya kanisa. Mama Judica bado anafunga kilemba. Nafasi hiyo! Nikaruka juu, nikakamata mikrofoni, nikatoa sauti nzito ya redioni: wazee wetu wote, shikamooni kwa pamoja!

Niliona nimeokoa muda. Mzee mmoja akasimama na fimbo yake, akaniuliza kwa upole mimi ni mtoto wa nani, na nani alinifundisha kuwarushia wazee salamu kama kuku wanaotupiwa mahindi. Mama Judica akaninyang'anya mikrofoni. Akaniamuru nishuke, nimpe kila mzee shikamoo yake, mkononi.

Kila mzee! Na si shikamoo, marahaba, basi. Huyu anataka kujua babu yangu alitokea upande gani. Yule anauliza kama ng'ombe wetu amezaa, dume au jike. Bibi mmoja alinishika mkono akaimba nao wimbo mzima bila kuuachia. Nilipofika benchi la tatu muziki umekolea, wazee wameinuka wanacheza. Ikabidi niwafukuzie ndani ya vumbi, nainama, nasema shikamoo, mzee keshageuka upande mwingine. Nikamsalimia mmoja mara mbili. Akaitikia zote mbili.

Lakini lazima niseme, Nambis ilitikisika! Vigelegele mpaka ng'ambo ya bonde. Wimbo wa *Tumevuna* waliurudisha na kuurudisha, na mama mmoja alicheza na mtoto mgongoni, mtoto kalala fofofo. Mwishoni wazee walisema hawajawahi kuona kikundi chenye adabu namna hii, kinachotuma mtu maalumu kumsalimia kila mzee. Adabu hiyo ilitoka kwangu. Hakuna aliyenishukuru.

Jumapili, 13 Julai. Masieda

Nimegundua adui. Gidion. Mpole, anacheka na kila mtu, anasaidia kubeba spika bila kuombwa. Mtu wa hatari sana.

Zeze lake lina kibuyu chenye tundu. Alipokwenda kunawa uso nikatia konzi ya maharage makavu. Mpango ulikuwa safi kabisa. Apige, zeze likwaruze, aone aibu, mimi niruke mbele na manyanga kuokoa onyesho.

Tukaanza baada ya ibada. Gidion akagusa uzi. Chaka! Akashtuka. Akalitikisa. Chaka chaka! Akatabasamu. Akaanza kupiga na kutikisa kwa pamoja, zeze linalia na kucheka wakati mmoja. Watu wakalipuka! Mchungaji akavua koti! Mimi nikaruka mbele na manyanga yangu, nikatikisa kwa nguvu zote, na hakuna aliyegeuka, maana sauti ya manyanga tayari ilikuwepo. Kijana wa spika akanigusa bega, akasema namzibia mtu.

Kwenye mnada wa sadaka mama mmoja, Perpetua, alishindana mpaka akapata jogoo mwekundu. Hapo hapo akampa Gidion. Jogoo mzima! Mama Judica akamuuliza ubunifu ule kautoa wapi. Gidion akajibu kwamba ni Mungu tu. Mungu! Maharage yangu!

Ndipo Mama Judica akasema, kama anaongea peke yake, kwamba sasa haoni mtu wa manyanga anahitajika wapi. Sikupata hamu ya chakula. Yaani, nilikula yule jogoo, lakini kwa uchungu.

Jumanne, 15 Julai. Njiani

Hilda kapiga simu. Baba yake kanunua kofia mpya kwa ajili ya Katesh. Kawaambia majirani wote anakwenda kumwona mkwe wake akiongoza kikundi. Hilda akanishauri nimpigie mzee nimwambie ukweli mapema. Nikamwambia mtandao unasumbua.

Niandike tu, hapa hakuna anayesoma. Naogopa. Sijalala vizuri tangu Masieda. Nikirudishwa shambani mbele ya mzee yule, nitakula kwake sikukuu zote nikiangalia chini.

Lakini Mungu hamtupi mja wake. Fuso lilipata pancha huko chini tambarare, kwa wafugaji. Nimekaa juu ya gunia, nikamwona mzee mmoja wa lubega akipuliza pembe ya ng'ombe. Sauti ndefu, tamu, inapanda kisha inavunjika. Mara wakatoka wanawake na watoto, mbio, wanacheka, wameshika mabakuli. Nikaelewa hapo hapo. Hii ni pembe ya sherehe! Wakiisikia wanakuja kucheza!

Nikamfuata. Kiswahili chake kidogo, Kibarbaig changu hakuna. Nikampa manyanga yangu, akanipa pembe. Nikamwomba anifundishe ile sauti. Akanifundisha, akacheka sana. Watu wachangamfu mno. Dereva akapiga honi, nikakimbia kabla hata sijaona wakianza kucheza.

Alhamisi, 17 Julai. Gitting

Niandike polepole, nisisahau kitu.

Asubuhi baridi, ukungu umeufunika mlima mzima. Watu wako kwenye ngano. Uwanjani wamekuja akina mama wachache na mbwa. Mama Judica alikuwa amekaa kwenye ngoma, kashika tama. Sijawahi kumwona hivyo. Alisema albamu nzuri kiasi hiki na hakuna wa kuisikia. Hata mimi niliumia.

Nikapanda juu ya fuso. Nikatoa pembe. Gidion akaniuliza kama nina uhakika. Nikapuliza.

Kimya. Nikapuliza tena, ile inayopanda na kuvunjika. Ardhi ikaanza kunguruma.

Ng'ombe! Ng'ombe wa tambarare yote ya Hanang! Wanatoka kwenye ukungu kwa mbio, mikia juu, wanakuja kwangu! Kumbe ile ni pembe ya kuwaitia ng'ombe kulamba magadi, na yale mabakuli yalikuwa ya magadi. Mimi ningejuaje? Kwetu milimani ng'ombe anafungwa nyuma ya nyumba, anakatiwa majani, analetewa mdomoni. Hatujawahi kumwita ng'ombe aje popote. Wakatuzingira. Mmoja akalamba spika. Mwingine akamlamba mpiga ngoma kuanzia shingoni, na mpiga ngoma akaendelea kupiga kwa woga.

Nyuma ya ng'ombe, wenyewe. Wazee na fimbo, vijana wanahema, wasichana na shanga zao. Wamekasirika kweli kweli. Wanauliza nani kaita mifugo yao. Kikundi kizima kikanionyesha kidole. Watu wote wakanitazama, kwa mara ya kwanza tangu safari ianze!

Mama Judica hakungoja fimbo zianze. Akaanzisha *Tumevuna*. Gidion akaingia na zeze na maharage. Vijana wa wafugaji wakajizuia kidogo, mmoja akaruka, wa pili akaruka, halafu wote wanaruka juu, wamenyooka, wanatua pamoja na ngoma! Waliokuwa shambani wakaja kuona ng'ombe, wakabaki kucheza. Uwanja ukajaa mpaka barabarani. Sijawahi kuona furaha ya namna ile, wakulima na wafugaji vumbi moja. Baadaye foleni ya simu, kila mtu anataka nyimbo zetu zirushwe kwake.

Mimi sikucheza. Mzee mmoja alinishika mkono akanieleza sheria yao. Aliyepuliza pembe, na ng'ombe wakaitika, lazima awalambishe. Ng'ombe hadanganywi. Akaniletea gunia la magadi. Nikalambisha ng'ombe mmoja mmoja onyesho zima, na walipomaliza mikono yangu wakahamia kwenye suruali nyeupe. Sasa ina rangi ambayo sijui jina lake.

Jumamosi, 19 Julai. Katesh

Asubuhi Mama Judica kaniita pembeni. Nikajua ndiyo kwaheri. Kumbe hapana! Kasema kazi yangu leo ni kwenda na pembe kwenye kile kilima, mbali, ng'ambo ya uwanja. Nipulize, ng'ombe waje kwangu, wenye ng'ombe wakifika niwaelekeze kwenye muziki, mimi nibaki nalambisha. Alisisitiza sana neno mbali.

Nikaenda. Nikapuliza. Walikuja wengi kuliko Gitting! Watu wakamiminika uwanjani kama mvua ya masika. Na mimi peke yangu kilimani, katikati ya pembe na mikia, nikaikumbuka kofia mpya ya Mzee Margwe. Kiongozi gani haonekani hata jukwaani?

Nikamwona anapanda. Kofia kichwani, Hilda nyuma yake. Alikuwa amemuuliza Mama Judica kiongozi Evarist, yaani mimi, yuko wapi, na Mama Judica, bila kugeuka, akanyoosha kidole huku juu. Mzee akafika, anahema. Nikampa shikamoo, akasahau kuitikia. Alikuwa anatazama ng'ombe.

Akazunguka kundi zima. Akashika nundu, akapima pembe kwa mkono. Akasema katika maisha yake hajaona mtu anayeitikiwa na ng'ombe wengi hivi. Akasema yule mwalimu hata mbuzi hamfuati. Alisema hivyo! Mbele ya Hilda! Akakunja mikono ya koti, tukalambisha pamoja, onyesho lote tumelipa mgongo. Bondeni watu wote wa Katesh wanaimba *Tumevuna*, sauti inapanda mpaka kwetu, na mimi nikalia kidogo. Nilimwambia Hilda ni vumbi la magadi.

Jumapili, 20 Julai

Nimebaki! Mama Judica katangaza mbele ya wote. Nabaki kikundini, kwa sharti kwamba kila onyesho nitakuwa mbali kama jana, na ikiwezekana mbali zaidi. Wenzangu wakapiga makofi marefu. Ni wazi. Gidion anagawana jukwaa na watu kumi, mimi nimepewa kilima kizima.

Akaongeza kwamba nisipulize, nisiite wala nisibuni kitu chochote bila yeye kujua. Nikakubali kwa moyo mweupe.

Wiki ijayo ni Dareda. Kule ng'ombe si wengi, ila nasikia kuna wafuga nyuki, na wana namna yao ya kugonga debe kuita kundi. Mzee mmoja hapa Katesh kanionyesha. Nimejaribu mchana huu nyuma ya gesti, taratibu tu, na wamekuja vizuri sana. Jicho la kushoto halifunguki, lakini hili la kulia linatosha kuandikia.