Nyanya Zinazoning'inia Kichwa Chini Barazani Kwangu

Ezron Simbeye,
Mpemba, Tunduma.

Ndugu Mwenyekiti wa Mtaa,

YAH: MAOMBI YA AMRI YA KUSHUSHA NYANYA KABLA YA JUMAMOSI

Pole na majukumu. Kichwa cha habari kiko juu, kama ilivyo desturi ya vichwa, desturi ambayo barazani kwangu imekwisha. Mke wangu Roda ameona kwenye simu watu wanatoboa ndoo kitako, wanapenyeza mche kwenye tundu, wanajaza udongo na kuitundika, nyanya inaota kuelekea chini. Sasa kenchi zote za paa la baraza zina ndoo. Anasema uwanja ni mdogo na kuku ni wengi. Mimi nimekulia shambani Mbozi, na sijawahi kuona mmea ukipandishwa darini kwa kumkimbia kuku.

Kwa heshima zote, malalamiko yangu ni haya:

1. Nyanya zenyewe hazitaki. Kila mche umepinda shingo ukijaribu kurudi juu. Ng'ombe akigoma kuvuka mto tunamsikiliza. Nyanya imekosa nini?

2. Roda akimwagilia, maji yanachuruzika pamoja na samadi yake. Juzi yaliingia kwenye kahawa yangu. Niliinywa, maana kahawa ya kwetu haimwagwi, lakini ule uchungu haukuwa wa kahawa. Nikashauriwa nihamishe kiti. Ndugu Mwenyekiti, kiti hicho kilitangulia nyanya!

3. Madereva wa malori walio kwenye foleni ya mpakani wanashuka kuja kushangaa. Mmoja wa Zambia alitusalimia "mulishani", akaanza kupiga picha, foleni ikasogea yeye bado yuko kwangu. Honi zilizopigwa hapo, hata kuku walikimbilia ndani. Tukiendelea hivi foleni itafika Vwawa, na chanzo kitakuwa mke wangu.

4. Leo nyanya, kesho mahindi. Wakulima wa Kamsamba nao wakitundika mpunga, watavuna kwa ngazi. Muhogo tutauchimba darini. Mwishowe watoto watakaa wakisubiri wazee wawaamkie. Dunia ikipinduka huanzia barazani kwa mtu.

5. Hili ndilo linaloniumiza. Jumamosi wanakuja wazee kutoka Ileje kumposa binti yetu Ikupa. Ikupa anampenda kijana wao Lwitiko, nami nampenda Ikupa kuliko nyanya zote za nchi hii. Ndoo zimening'inia usawa wa kipaji cha uso, na hakuna mtu mzima atakayeufikia mlango wangu bila kuinama. Mkwe hainamishwi! Watasema tumewadharau, watarudi na posa yao, na mwanangu atalia. Nimemweleza Roda, naye amesema nyanya zinakaribia kuiva na asiziguse mtu. Ndiyo maana nakuandikia wewe.

Hivyo naomba serikali ya mtaa iamuru ndoo zishushwe, au walau zigeuzwe zisimame kiungwana. Amri ukaisome mwenyewe mbele ya Roda. Mimi siku hiyo nitakuwa kwaya.

Nisalimie mama watoto, mjumbe, wazee wa kanisa, na yule mbuzi wako anayekula matangazo ya ofisi.

Ni mimi mwananchi wako mtiifu, niliyenyang'anywa baraza,

Ezron Simbeye

Tanbihi: Wageni wamefika barua hii ikiwa bado mfukoni mwangu. Kweli waliinama, wote, na mimi nikatamani ardhi inimeze. Msemaji wao, Mzee Anyitike, akasimama katikati ya ndoo, akazitazama nyanya zilivyoiva, akasema hajapata kuona nyumba yenye adabu kama hii, ambayo hata nyanya zinainama kupokea wageni, na kwamba binti wa humu hawezi kukosa heshima. Posa tumeipokea. Ikupa amelia, lakini kwa furaha. Mzee ameomba ndoo mbili za kupeleka Ileje, nami nimemweleza kwa kirefu jinsi nilivyobuni utaalamu huu.

Tatizo ni Roda. Ameona aibu wazee walivyoinama, anataka kuzishusha zote kesho asubuhi. Kwa hiyo bado naihitaji amri yako, ila iandike kwamba ni marufuku mtu yeyote kushusha ndoo barazani kwangu, hasa mke wangu. Ukimaliza kusoma, barua hii mpe yule mbuzi.