Hukatwa Huku, Huvaliwa Kule

Jumatatu, 4 Machi

Mjukuu wangu anataka kuhama. Eti hapa kuna kelele. Kelele gani? Cherehani yangu, na mimi. Anataka kwenda kwa bibi yake mzaa mama, Bibi Taratibu, mwanamke anayeomba radhi kabla ya kukohoa. Nimemwambia ng'o! Akasema basi nimwache amalize kazi yake kwa amani, maana Ijumaa jioni mlango wa kupokea kazi unafungwa. Akiukosa, anahama.

Nimemlazimisha anieleze kazi yenyewe. Kuna programu za bure, watu wa dunia nzima wanaziandika pamoja bila kuonana. Kuna mtambo unaochukua maandishi yao na kuyajenga yawe programu. Mtambo huo umezoea kuijengea kompyuta uliyomo tu. Yeye anaufundisha ukae ndani ya kompyuta kubwa, uvijengee vimashine vidogo vya aina nyingine, visivyo na nguvu za kujijengea. Kumbe ushonaji! Unakata huku, inavaliwa kule. Mtu kasoma miaka yote hiyo aje kufanya kazi yangu.

Nitamsaidia.

Jumanne, 5 Machi

Nimemsaidia. Alikwenda kuoga, akaacha kompyuta inanguruma peke yake, haina mtu. Umeme hauokotwi. Nikachomoa plagi, nikachomeka pasi. Kumbe ilikuwa inajenga tangu alfajiri!

Hakunigombeza. Alisema, "Sawa, Bibi," akaanza upya. Heri angefoka, ningejua pa kumshika.

Jumatano, 6 Machi

Mtambo umesusa. Kila ukimaliza kipande unataka kukijaribu papo hapo, ndani ya kompyuta kubwa, na kipande si cha huko. Kinaanguka, nao unagoma kuendelea. Nikacheka.

"Usicheke, Bibi," akasema. "Ndivyo unavyofanya wewe. Unamshonea mtu gauni, halafu unalijaribu mwilini mwako."

Sasa nilijaribu mwilini mwa nani, mwa jirani? Miaka yote hii amelalamika mteja mmoja, na huyo alikonda makusudi.

Jioni nikampelekea Bibi Taratibu gauni aliloagiza. Kwangu lilikaa sawasawa. Kwake likateleza mabegani, likaning'inia kama shuka kwenye kamba. Akaniambia, taratibu, kwamba kitambaa ni kizuri sana. Mchokozi!

Alhamisi, 7 Machi

Mjukuu ameuzuia mtambo usijijaribie, sasa ametoka kwenda kwa fundi simu kuazima kimashine kidogo cha kujaribia. Huku nyuma kompyuta ikalia. Ni msimamizi wao, yule wanayemwita Mkaguzi. Anauliza kama kazi aliyotumiwa asubuhi imejaribiwa.

Mtu mzima akiuliza, hujibiwa. Nikabonyeza picha ya ile programu hapo hapo kwenye kompyuta kubwa. Ikafunguka, rangi tele! Nikamwandikia kwa kidole kimoja: Imejaribiwa. Imekaa sawasawa.

Mjukuu sikumwambia. Wema hautangazwi.

Ijumaa, 8 Machi

Mkaguzi ameirudisha kazi. Ameijaribu kwenye kimashine chake, imegoma. Ameandika kwamba alidhani anafanya kazi na mtu mkweli.

Mjukuu akalisoma lile jibu nililoandika jana, akalirudia. Kisha akanigeukia.

"Hili neno 'sawasawa' ni lako, Bibi."

Nikamwambia niliiona ikifunguka kwa macho yangu haya. Akasema iliyofunguka ni ile ya zamani, iliyojengewa kompyuta kubwa yenyewe. Akasema kwa sauti ndogo kabisa, "Lakini jina lililochafuka ni langu."

Nikanyamaza. Naliandika hapa kwa kuwa halitatokea tena.

Akamwandikia Mkaguzi ukweli wote, bibi na kidole chake. Akabeba kompyuta na kimashine, akaenda kwa Bibi Taratibu. Nyumba ikawa kimya. Kimya chenyewe sijui watu wanakipendea nini. Nilishona mkono wa blauzi nikaufunga mwishoni, kama soksi.

Jioni akapiga simu. Kilichoharibu ni kipande kimoja tu: mtambo ulikiokota ndani ya kompyuta kubwa badala ya kukijengea kimashine. Amekibadilisha, kimashine kimefunguka, Mkaguzi kapokea kazi mlango ukiwa unafungwa. Tena kasema nisalimiwe.

Kanisalimia! Mtu muungwana, nilijua tangu mwanzo.

Jumamosi, 9 Machi

Tumepatana. Mjukuu atashinda kwa Bibi Taratibu na kompyuta yake, atalala hapa. Nimeshinda! Bibi Taratibu abaki na mngurumo, mimi nina mtoto. Mjukuu alipokuwa anaondoka amenitazama, akauliza nitakula nini mchana. Nikamwambia asinizungushe, atachelewa kazini bure.

Amenitaka niahidi kwamba sitajibu tena ujumbe usio wangu. Nimeahidi. Kushona sikuahidi.

Kwa hiyo nimemshonea Mkaguzi koti. Sura yake sijaiona, kimo chake sikijui, ila mtu wa kukagua kazi za dunia nzima hawezi kuwa mdogo. Nimelivaa mbele ya kioo. Nikanyoosha mikono, nikageuka huku, nikageuka kule.

Limekaa sawasawa.